Nayatunga Mwenyewe Majibu Anayoyasubiri Mume Wangu

Shangazi Agnella, shikamoo, na pole na barua za watu, najua zinakujia nyingi na hii yangu haina mume mlevi wala wifi mchawi, lakini naomba uisome mpaka mwisho na unijibu kabla ya tarehe thelathini ya mwezi huu wa tatu, kwa sababu siku hiyo ikipita nitakuwa nimemharibia mume wangu maisha kwa mara ya pili, na safari hii nikiwa najua kabisa ninachofanya.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Ifakara, Viwanja Sitini, na nina kibanda cha stesheneri karibu na sokoni, kompyuta moja, printa moja na mashine ya kopi. Kazi yangu hasa ni kuwaandikia watu barua za maombi, kuomba kazi, kuomba uhamisho, kuomba kiwanja, kukumbushia kiwanja, na bila kujisifu, Shangazi, barua zangu huwa zinapokelewa, wapo watu wanaopanda treni kutoka Mlimba kuja kuandikiwa na mimi ingawa huko stesheneri zipo. Mume wangu nitamwita Sebastiani. Amefundisha Kiswahili shule ya msingi upande wa Kiberege miaka kumi na tisa, mtu wa vitabu, mtu wa magazeti, hata gazeti lililofungiwa maandazi alikuwa analikunjua alisome, halafu presha ya macho ikamwingia kimyakimya, tukadhani ni miwani tu, tulipofika hospitali kubwa wakasema tumechelewa, na mwaka juzi mwezi wa tisa asubuhi moja akaniuliza mbona leo kuna wingu zito hivi, na nje jua lilikuwa kali watu wanaanika mpunga.

Tangu hapo tunashinda wote kibandani, mimi nachapa yeye amekaa kwenye benchi anaongea na wateja, na jioni namsomea gazeti pale barazani nyumbani, ingawa mengine nayaruka, kama matangazo ya vifo vya watu aliosoma nao na habari za walimu kupandishwa madaraja, kwa sababu zinamwumiza. Sasa kwenye kompyuta yangu natumia brauza moja ya bure, ile programu ya kufungulia mtandao, haina mwenyewe wa kuiuza, inatengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali na kila mtu anaruhusiwa kuona ilivyotengenezwa, na ina kitufe cha kusoma ukurasa kwa sauti. Siku moja nikakibonyeza kwa bahati mbaya ukurasa wa Kiingereza ukiwa wazi, ikaanza kusoma, na mume wangu akageuza kichwa upesi kama aliyeitwa jina.

Akasema, "Weka gazeti la Kiswahili." Nikaweka. Shangazi, ilisoma Kiswahili chetu kwa mdomo wa Kiingereza, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, mume wangu akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikafurahi kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini, halafu akasema taratibu, "Mama Nelly, hawa watu wakiifundisha Kiswahili mimi nitasoma mwenyewe. Sitamsumbua mtu tena." Nikamwambia brauza hii ina ukurasa ambapo yeyote anaweza kuwaomba watengenezaji waongeze kitu. Akasema, "Si ndiyo kazi yako? Watu wote wa bonde hili umewaandikia. Niandikie na mimi."

Nikaandika, Shangazi, niliandika kwa roho yangu yote, kwa Kiingereza, nikichukua sehemu kutoka barua za kuombea kazi ninazozihifadhi, nikaweka kumbukumbu namba, nikaweka RE, ile YAH yetu, kwa herufi kubwa, husika na kichwa cha habari hapo juu, nikaweka na wako mtiifu. Siku ya tatu akajibu mmoja wao anaitwa Henriki, jibu fupi, anashukuru, halafu kuna swali. Nilipoona ile alama ya kuuliza sikusoma mpaka mwisho, na Kiingereza chenyewe naelewa nusu, kwa sababu mimi maswali ya ofisini nayajua, miaka kumi na moja nimekaa kwenye kazi hii, ofisi ikikurudishia swali badala ya jibu maana yake barua yako imeonekana nyepesi, na dawa yake si kujibu swali, dawa ni kurudi na muhtasari wa kikao wenye majina na saini za watu, hapo ndipo wanashtuka.

Basi nikaenda jumuiya yetu ya kanisa, nikaeleza, na watu wanampenda mwalimu wao, wakajiandikisha arobaini na watatu, hata Mayunga mfugaji, ambaye msimu uliopita ng'ombe wake walikula mpunga wetu na tulikuwa hatusalimiani, alikuja mwenyewe kibandani akavua kofia akasema, "Mama, na mimi niandike, mama yangu Kabula haoni mwaka wa nne huu." Kwa kuwa mtandaoni hakuna pa kupiga saini, nikamfungulia kila mmoja akaunti yake, wote kwenye kompyuta yangu ile moja, siku mbili, na kila mmoja nikambandikia sentensi ileile, naunga mkono ombi la Mwalimu Sebastiani. Siku ya tatu nafungua nakuta ombi limefungwa kwa kufuli, wameandika kwamba akaunti nyingi zimetoka mashine moja kwa maneno yaleyale, huu ni udanganyifu, na akaunti yangu imezuiwa, zote zimezuiwa. Nilikaa nikaangalia lile kufuli, na mume wangu yuko kwenye benchi nyuma yangu anauliza, "Wamesemaje?"

Nikasema wamepokea. Wanalifanyia kazi.

Hapo ndipo nilipojiingiza, Shangazi, na ilikuwa mwezi wa tano mwaka jana. Wiki iliyofuata akauliza tena nikasema Henriki anasalimia, anasema lugha yetu ina mambo mengi, wapo kwenye irabu. Mwezi wa saba nikasema wamepata fundi mwingine wa kumsaidia. Mwezi wa tisa nikaishiwa, nikasema Henriki amepata mtoto wa kike ndiyo maana wamesimama kidogo, na mume wangu akafurahi mno, Jumapili ile akasimama jumuiya akaomba watu wamwombee mtoto wa Henriki na mama yake, na watu wazima wakapiga magoti, na mimi nimo, nimepiga magoti namwombea mtoto niliyemtunga mwenyewe nikiwa namenya vitunguu. Sasa hivi kila asubuhi kabla ya chai anauliza, "Henriki ameandika? Mtoto hajambo?" na mimi najibu.

Kingekuwa ni hicho tu ningeendelea kubeba. Lakini kuna kituo cha kufundisha watu wazima wasioona, kiko mbali na hapa, mafunzo ya miezi sita, kusoma nukta nundu kwa vidole, kutembea na fimbo, na kutumia simu na kompyuta bila kuona, na miongoni mwa walimu waliokwenda wapo waliorudi kufundisha. Walimpa nafasi mwezi wa nane mwaka jana, akakataa. Aliwaambia kwenye simu mbele yangu, kwa adabu kabisa, "Nawashukuru, lakini vidole vya miaka hamsini na mbili nivisumbue vya nini, na sauti ya Kiswahili inakuja? Mpeni kijana." Na mimi nilikuwa nimekaa pale nagonga karatasi kwenye meza zikae sawa. Mwezi uliopita wamepiga tena, nafasi ipo moja, mwisho wa kuripoti ni tarehe thelathini, na amewajibu vilevile.

Halafu wiki mbili zilizopita alikuja dada mmoja anaitwa Yosefina, anawatafsiria wageni wa utafiti, alikuja kutoa kopi, na kwa kuwa mume wangu alikuwa hospitali kuchukua dawa nikamwonyesha lile jibu la Henriki nisomewe lote. Akasoma mpaka mwisho, akaniambia, "Dada, huyu hakukataa. Anauliza kama kuna mtu mwenye Kiswahili kizuri na sauti safi anayeweza kujitolea kuwasomea sentensi elfu kadhaa, wazirekodi ndiyo wapate sauti ya kuanzia. Anasema akipatikana hata mtu mmoja tu, wataanza."

Shangazi, mume wangu ndiye msomaji wa masomo kanisani, mpaka leo, namsomea Jumamosi yeye anashika kichwani na Jumapili anasimama pale mbele hana karatasi, na watu wanaotoka Kiberege wanasema wamefuata sauti ya mwalimu. Ningekuwa namsomea sentensi yeye anarudia. Tungekaa pale kibandani wawili tukaifanya. Sauti ya brauza ile ingekuwa sauti yake. Nilimrudishia Yosefina chenji yake nikafunga kibanda saa tano asubuhi nikaenda kukaa chooni nikalia.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia, najua atavunjika, na ni mtu mwenye heshima zake, atajiona amechekwa na jumuiya nzima, na pengine hatanisemesha tena. Nilidhani labda niseme Henriki amekufa. Au nimwambie tu mradi umesimama kwa kukosa fedha, akubali kwenda kituoni, na haya mengine nife nayo mimi. Nisaidie, mimi nilifanya yote kwa kumhurumia.

Ni mimi, Mama Nelly, Ifakara.

*

Shangazi Agnella anajibu:

Mama Nelly, marahaba, na pole. Pole yangu ya kwanza ni ya macho ya mume wako, maana kwenye barua yote hukupata nafasi ya kulilia hilo, ulikuwa na shughuli ya kutunga. Mume kupoteza macho ni msiba wa nyumba nzima, na wewe hukukaa matanga. Ulifungua kibanda. Naona ulivyochoka na nimekuonea huruma kweli.

Sasa nikuseme.

Kosa la muhtasari sina ugomvi nalo. Ulifanya kazi unayoijua, na Mayunga aliyevua kofia hakuwa tapeli. Henriki naye hakuwa mtu mbaya. Kwake yeye akaunti arobaini na tatu kutoka mashine moja ni wizi, kwetu sisi ni jumuiya. Ungewaandikia siku ileile mistari mitatu, kwamba hawa ni watu kweli, kompyuta ndiyo moja, pengine wangefungua kufuli. Hukuandika kwa sababu barua yako ilikuwa imerudi, na wewe barua zako hazirudi. Hiyo ni aibu yako ya kazi, Mama Nelly, haikuwa huruma kwa mume. Uongo wa kwanza ulikusitiri wewe.

Wa pili na wa tatu nitakupa nusu ya huruma. Yule mtoto, hapana. Umempigisha magoti mtu anayemwamini Mungu, mbele ya majirani zake, kumwombea mtu asiyekuwepo, halafu sasa unaniuliza kama umwue na baba mtu. Unataka wamfanyie na misa? Acha kabisa. Hakuna atakayekufa kwenye barua hii.

Na kuna sentensi umeipitisha haraka ukidhani sitaiona. Unasema jioni ukimsomea gazeti, mengine unayaruka. Wenzake wamekufa, hajui. Walimu wenzake wamepanda madaraja, hajui. Kwako huko ni kumkinga. Mimi naona mwalimu wa miaka hamsini na mbili ambaye mkewe anamchagulia kila siku ajue nini na asijue nini. Alipokuambia anataka asome mwenyewe asimsumbue mtu, ulisikia adabu tu. Alikuwa anakuomba apate habari ambazo hazijapita mikononi mwako kwanza. Swali lingine usinijibu mimi, lijibu ukiwa peke yako: kitufe kile kingekuja kweli kikasoma Kiswahili, wewe jioni ungekuwa unafanya nini? Nadhani unaogopa jibu lake, na si dhambi kuogopa. Dhambi ni kumweka mtu gizani ili upate kazi ya kumwelekeza.

Nikuambie na jambo litakalokuuma. Nilipopata barua yako nilimpigia bwana mmoja anayefundisha wasioona. Nikamweleza bila kutaja majina. Akaniambia simu zinazosoma Kiswahili kwa sauti zipo siku hizi, hazisomi vizuri kama msomaji wa kanisani lakini zinasoma, na wanafunzi wake wanasomea magazeti humo. Akauliza, "Kwa nini huyo mwalimu hajaulizia popote?" Jibu wewe unalo. Hakuulizia kwa sababu alikuwa na Henriki. Mtu aliyeambiwa chakula kinaiva haendi kuomba kwa jirani. Miezi kumi umemkalisha mezani, na jikoni hakuna moto.

Kwa hiyo uongo wa mradi kukosa fedha futa. Nauelewa mvuto wake, unampeleka kituoni na wewe unabaki salama. Lakini akifika huko atajifunza kompyuta, Mama Nelly. Ndicho watakachomfundisha. Siku atakayofungua ukurasa ule wa maombi peke yake, na atafungua, atasikia jina lake likisomwa, na swali la Henriki, na kufuli, na tarehe. Atavijua vyote akiwa mbali nawe na bila wewe kumwambia. Chagua unataka avisikie kwa mdomo wa nani.

Uliniandikia gazetini, hukupiga simu kwenye kipindi changu cha redioni, na sababu naijua. Redio angeisikia mwenyewe. Gazeti linapita mikononi mwako kwanza. Basi gazeti hili likifika Ifakara, usingoje jioni. Funga kibanda mchana, watoto wakiwa shuleni, keti naye barazani umwambie unataka kumsomea ukurasa mmoja. Anza na shikamoo yako uje mpaka hapa, pamoja na chooni, pamoja na vitunguu, pamoja na haya ninayokusema. Usiruke hata nukta. Sauti ikikukatika, pumzika, halafu endelea palepale ulipoishia.

Atauliza. Nadhani hataanza na brauza, ataanza na mtoto. Mwambie hayupo, hakuwahi kuwepo. Patauma kuliko pengine pote, kwa sababu macho yalipotea yenyewe, lakini yule mtoto alikuwa amempa nafasi moyoni kwa hiari yake. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimpe sababu, usilie kwa sauti akaanza kukubembeleza wewe. Akisema toka, toka ukae uani, asikusikie lakini ujue alipo.

Jumuiya ni kazi yako pia, wala usimtume mtu. Jumapili inayofuata simama wewe uwaambie mlikuwa mnaombea uongo wangu, mwalimu hakujua. Sema hivyo hivyo, mwalimu hakujua, heshima yake imekaa hapo. Mayunga mwendee nyumbani umweleze habari ya hizo simu, mama yake Kabula asikae mwaka wa tano kwa ajili yako.

Kuhusu Henriki, mwachie Sebastiani. Akitaka, Yosefina atamsaidia kuandika barua moja, kwa jina lake moja, ya kuomba radhi na kujibu swali. Wanaweza wakakubali, wanaweza wakawa wameshapata msomaji mwingine, wanaweza wasijibu kabisa. Usimwahidi kitu. Umeshaahidi vya kutosha kwa niaba ya watu usiowajua. Na asipotaka kusikia tena neno brauza, lisitajwe nyumbani.

Lakini kituoni aende. Hasira yake inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua mwaka, na ni haki yake, ila tarehe thelathini haingoji mpaka mpatane. Wapigie leo hii, kabla hujamsomea, uwaombe wasiigawe nafasi, useme majibu yake yote mawili aliyatoa akiwa amedanganywa na mkewe. Siku ikifika mkatie tiketi na wewe ujikatie, mkae viti vya jirani. Asipokusemesha njia nzima, usimlazimishe, mwambie tu mmefika wapi. Mpelekee begi lake mpaka mlangoni. Na pale mapokezi, wakiuliza mgeni amekuja kuomba nini, usijibu wewe.